Shemeji ataka kukodisha kinamasi chetu, na korongo wametaga humo

Hujambo Shangazi?

Mimi ni mjane wa watoto watatu, naishi Trans Nzoia, upande wa Kapsara. Mume wangu aliniachia shamba la ekari mbili na nusu. Hati ya shamba bado ina jina lake na hakuacha wosia. Huku juu napanda mahindi na maharagwe. Kule chini, kando ya kijito, kuna kipande cha kama nusu ekari ambacho hakikauki mwaka mzima. Ndiko ninakotoa nduma, nepia ya ng'ombe wangu mmoja na, kiangazi kikishika, sukuma wiki ninayouza sokoni wakati wengine hawana. Kiangazi kikiwa kizuri napata hadi elfu mbili kwa wiki, kuanzia Januari hadi mvua inaporudi. Mahindi, Shangazi, ni ya kula na kulipa deni la mbolea. Karo hutoka kule chini.

Mwaka jana tuliitwa barazani kwa chifu, tukakuta watu wa kikundi cha uhifadhi. Walitueleza kwamba wale korongo wenye taji wanaotaga kwenye matete yetu wako hatarini kuangamia, si hapa kwetu tu bali Afrika nzima. Wakatuomba tusilime katikati ya kinamasi, tusichimbe mitaro ya kutoa maji na tusikate matete ndege wakiwa kwenye viota. Watu walipiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nikipiga hesabu, kwa sababu vitalu vyangu vya sukuma viko hapo hapo katikati. Hakuna aliyesema nitakula nini nikiviacha. Tulipewa soda na fulana, tukaenda zetu.

Sasa mwezi uliopita shemeji yangu, kaka ya marehemu, amekuja na mtu anayetaka kukodi kile kipande kwa miaka kumi. Atachimba mitaro maji yatoke, atoe udongo wa matofali, kisha apande mikaratusi. Atalipa elfu mia moja na ishirini kwa mkupuo mmoja. Shemeji anasema nusu ni yake kwa kuwa shamba ni la ukoo. Mama mkwe yuko upande wake. Aliniambia mbele ya watoto kwamba ndege hawalipi karo. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu wiki hiyo hiyo kijana wangu wa kidato cha tatu alikuwa amerudishwa nyumbani.

Tena hao korongo si wageni wapole. Mahindi yakianza kuchipua wanashuka asubuhi na mapema na kuyang'oa mstari mzima. Jirani ananiambia nichanganye mbegu na dawa ya wadudu niwamwagie pembeni mwa shamba, eti watakufa na shida iishe. Sijafanya hivyo, ila msimu wa kupanda unakaribia.

Naomba unijibu. Shemeji ana haki juu ya kipande hicho? Serikali inaweza kuninyang'anya kwa ajili ya ndege? Na kwa nini mimi, mjane asiye na kitu, ndiye nibebe mzigo wa ndege wa Afrika nzima?

Mama wa Bondeni,
Trans Nzoia

SHANGAZI ANAJIBU

Mama wa Bondeni, pole kwa yaliyokufika. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo ambalo wenye kuitisha mabaraza hawapendi kuulizwa.

Hupaswi kuubeba mzigo huo peke yako. Mtu anayeacha kinamasi kikae na maji anawafanyia kazi watu wengi asiowajua. Vijito vya kwenu vinaingia Mto Nzoia, na Nzoia inamwaga maji Ziwa Viktoria kupitia Budalang'i, mahali ambapo mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi mno. Kila bonde la juu linalokaushwa linayaharakisha maji kwenda chini na udongo ndani yake. Kwa hiyo anayekuja kukuomba uache kulima katikati ana wajibu wa kukaa chini nawe na kuuliza utapoteza nini. Soda na fulana si jibu, na una haki ya kusema hivyo barazani ukiwa umesimama.

Lakini nataka uangalie kwa makini kile unachokipoteza na kile ambacho shemeji anakuuzia. Umeandika kwamba karo hutoka kule chini. Ni kweli, ila kinachoitoa hiyo karo ni maji. Huku juu una udongo mwingi kuliko kule, na kiangazi haukupi hata jani moja la kuuza. Sukuma yako inapata bei kwa sababu Februari, majirani wote wakiwa wamekauka, wewe bado una unyevu. Ukikubali mitaro ichimbwe, kinachoondoka ni unyevu huo huo. Korongo anauhitaji kwa sababu zake na wewe kwa zako, lakini ni maji yale yale. Ndiyo maana sioni kwamba wewe na ndege mko pande mbili, hata kama mama mkwe ameliona jambo hivyo.

Sasa tuzipige hesabu za mgeni wa shemeji. Elfu mia moja na ishirini ukigawana nusu kwa nusu, unabaki na elfu sitini. Gawanya kwa miaka kumi: elfu sita kwa mwaka. Hiyo ni shilingi mia tano kwa mwezi. Wewe mwenyewe umesema kiangazi kizuri kinakupa elfu mbili kwa wiki. Chukua wiki kumi na mbili tu, ni elfu ishirini na nne. Misimu mitatu ya kiangazi inalipita fungu lako lote la elfu sitini, na hapo sijataja nduma wala maziwa ya ng'ombe anayekula nepia ya huko. Ukizipokea leo zitaonekana nyingi kwa sababu zimekuja pamoja na mtoto yuko nyumbani. Mwakani zitakuwa zimekwisha, na mkataba utakuwa umebakiza miaka tisa.

Baada ya hiyo miaka tisa utarudishiwa nini? Mchimba matofali huchukua udongo wa juu, ule mzuri, na kuacha mashimo. Mikaratusi nayo hunywa maji kwa kasi, na ukiikata visiki huchipua upya, hivyo kuing'oa ni gharama nyingine. Shirika la Huduma za Misitu, KFS, limekuwa likiwashauri wakulima wasiipande kando ya mito wala kwenye ardhi chepechepe. Mimi siichukii mikaratusi. Ikipandwa mahali pakavu inafaa nguzo na kuni, na imewasomeshea wengi watoto. Kwenye chemchemi ni hasara.

Kuhusu haki ya shemeji sina haja ya kuzunguka. Kwa kuwa hati ina jina la mumeo na hakuacha wosia, shamba linafuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kifungu cha 35 kinakupa wewe mjane mwenye watoto haki ya kuitumia mali hiyo na kunufaika nayo, kisha watoto wenu ndio warithi. Kaka ya marehemu hayumo mkiwa nyinyi mpo. Kifungu cha 45 kinasema mtu yeyote anayeishika au kuitoa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anatenda kosa la jinai. Hilo linamgusa shemeji, na nisikufiche, linakugusa na wewe: kabla ya kupata hati ya usimamizi wa mirathi, hata wewe huwezi kutia sahihi mkataba wa kukodisha. Isitoshe, ardhi ya kilimo haikodishwi kwa miaka kumi hivi hivi. Inahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mkataba usio na kibali hicho hauna nguvu kisheria.

Hivyo nenda kwa chifu uombe barua ya kuwatambulisha warithi, uwe na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nakala ya hati ya shamba, kisha ufungue faili mahakamani Kitale. Usimwachie shemeji aende kwa niaba yako hata akijitolea kwa upole. Nimesoma barua nyingi za wajane katika safu hii, na mara nyingi mambo huharibika pale mtu mwingine anapofungua faili na jina la mjane lisionekane. Mgeni akirudi na pesa mkononi, mwambie kesi ya mirathi haijaisha na hakuna anayeweza kumpa sahihi. Ni kweli, na inakuondolea ugomvi wa ana kwa ana.

Umeuliza kama serikali inaweza kukunyang'anya. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema mtu hanyang'anywi mali yake kwa manufaa ya umma bila kulipwa fidia ya haki na kwa wakati. Korongo kutaga kwako hakukugeuzi mkaaji wa mbuga. Hata hivyo, haki ya kumiliki haina maana kwamba unaweza kufanya lolote na maji. Mito na maziwa ni mali ya umma chini ya kifungu cha 62, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999, kifungu cha 42, inakataza kukausha mto, ziwa au kinamasi bila tathmini ya athari kwa mazingira na idhini ya NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira. Huyo mgeni aliyekuja na pesa, muulize ana karatasi hiyo? Mitaro ikichimbwa na maofisa wakaja, watamkuta mwenye shamba, na mwenye shamba ni wewe.

Nije sasa kwa hao ndege, kwa sababu nadhani barazani walikuambia wako hatarini bila kukueleza kwa nini nusu ekari yako ina uzito. Korongo taji kijivu, yule ambaye Uganda imemfanya ndege wa taifa, aliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kuangamia mwaka wa 2012, baada ya idadi yake kupungua kupita nusu katika vizazi vitatu vya ndege hao. Hutaga mayai mawili au matatu, kwa nadra manne. Kiota hukijenga juu ya maji machache katikati ya matete na ndago, mahali ambapo mbwa na watu hawafiki kwa urahisi. Dume na jike huatamia kwa zamu karibu mwezi mmoja. Vifaranga huwafuata wazazi kwa miguu kwa miezi miwili au mitatu, pengine zaidi, kabla ya kuruka. Maji yakiondoka wakati huo, mbwa wanafika, watoto wanafika, na kizazi cha mwaka huo kimekwisha.

Na hawatagi mbugani tu. Hapo karibu nanyi kuna Mbuga ya Saiwa Swamp, iliyotengwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini, na ni mbuga ndogo kuliko zote nchini. Ukuta wa mbuga hauwezi kuwashika korongo. Wanalala hapa, wanakula pale, na wanajenga kwenye vinamasi vidogo vidogo ndani ya mashamba ya watu. Vyote vya namna hiyo vikikaushwa, mbuga peke yake haitawaokoa, na nami ningehuzunika sana kuona watoto wa Trans Nzoia wakimjua korongo kwa picha.

Mtu asikudanganye, hata hivyo, kwamba watalii watakuja kukulipia. Pesa za langoni Saiwa haziendi kwa mama mwenye nusu ekari. Ukisikia ahadi ya namna hiyo katika baraza lijalo, omba waielekeze kwenye mambo unayoweza kuyashika mkononi.

Haya ndiyo ningeyafanya kwenye kipande chako. Katikati, pale maji yanapokaa na matete yamesongamana, ningepaacha kabisa. Vitalu vya sukuma ningevisogeza hadi ukingoni, pale mguu unapoacha kuzama lakini udongo bado una unyevu. Chimba kisima kifupi hapo ukingoni, kiangazi utachota kwa debe, na ukipata pampu ya kukanyaga kazi itapungua sana. Samadi ya ng'ombe wako itumie kwenye vitalu hivyo vya ukingoni, maana udongo wake hauna rutuba ya katikati na mwaka wa kwanza mavuno yatashuka kidogo. Nduma zitastahimili ukingoni vilevile. Nepia ihamishie huku juu, kwenye kingo za matuta ya mahindi: itazuia udongo usiteremke na ng'ombe atapata chakula karibu na boma. Ukiwa na nafasi ya mizinga miwili mitatu mbali na nyumba, iweke. Nyuki wanapenda mahali penye maji, na asali Kitale ina wanunuzi.

Kuhama huko kunagharimu, na gharama hiyo ndiyo uipeleke kwa kikundi cha uhifadhi. Nenda na wenzako wenye mashamba ya bondeni, hasa wanawake, kwa sababu nina hakika si wewe pekee uliyerudi nyumbani ukipiga hesabu. Ombeni miche ya nepia, pampu, mizinga na fundi wa kuwaonyesha kujenga chemchemi vizuri. Ombeni pia walinzi wa viota walipwe, na wawe ni nyinyi wenye mashamba. Nani anajua kiota kiliko kuliko mtu anayeteka maji hapo kila asubuhi? Yaandikwe yote: nani anatoa nini, lini, kwa muda gani. Mkiletewa karatasi inayosema ardhi itafungwa kwa uhifadhi, msiitie sahihi siku hiyo. Makubaliano ya aina hiyo yapo katika sheria, na yanaweza kuwafunga hata warithi wenu, kwa hiyo lazima wakili ayasome kwanza na mjue malipo yake ni yapi.

Kuhusu dawa kwenye mbegu: nakusihi usifanye. Sumu haichagui. Kuku wako watakula, mbwa atamla kuku, na mtoto anaweza kumwokota ndege aliyekufa akadhani ni nyama ya bure. Kumuua korongo kunaweza kukufikisha mahakamani pia, na watoto wako wana mzazi mmoja tu. Hasara ya korongo kwenye mahindi ni ya wiki mbili tatu, tangu mbegu kuingia ardhini hadi mmea uwe na majani kadhaa na mizizi imeshika. Zungumza na majirani mpande wiki moja, ndege wasimalizie kwa mtu mmoja. Fukieni mbegu vizuri. Pangeni zamu ya kuamka alfajiri, kila nyumba siku yake, mkipiga madebe. Sanamu ya shambani inafaa ikiwa inahamishwa kila siku, vinginevyo wanaizoea upesi. Mkiharibiwa sana, piga ripoti kwa ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, ili iandikwe, lakini usiweke karo kwenye matumaini ya fidia. Kwingineko nchini kuna walioharibiwa mimea na ndovu na wamesubiri kwa miaka.

Huyo kijana wa kidato cha tatu hawezi kungoja mirathi wala mizinga. Wiki hii hii nenda na barua ya chifu kuomba basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ile ya kaunti, utaje wazi kwamba ni mtoto wa mjane. Halafu muone mwalimu mkuu umwombe kulipa kidogo kidogo, ukimweleza kwamba pesa zako hupatikana Januari hadi Machi. Walimu wengi husikiliza mzazi anayekuja na ratiba kuliko anayekuja na machozi peke yake.

Mama mkwe usimjibu kwa hasira, wala usimjibu kuhusu ndege. Mkae jikoni mkiwa wawili, umpe ile hesabu ya mia tano kwa mwezi, umuulize ni nani atakayewalisha wajukuu wake mwaka wa tatu wa mkataba. Alishaishi hapo kabla yako na ameteka maji kwenye kijito hicho. Akikuelewa yeye, shemeji atabaki peke yake. Asipokuelewa, endelea na faili ya mahakama bila kungoja ruhusa yake, na ukishapata hati ya usimamizi niandikie tena, tuutazame mkataba wa kikundi neno kwa neno.

Shangazi